Kutakatisha fedha: msemo huu ulitoka wapi

Muulize mtu yeyote apendaye visa vya majambazi wa Marekani kwamba msemo wa Kiingereza "money laundering" ulianzia wapi, atakupa jibu lilelile. Al Capone, mkubwa wa wahalifu wa Chicago, alikuwa na fedha nyingi mno za pombe ya magendo, kamari na madanguro. Akanunua maduka ya kufulia nguo, yale ambayo mteja hutumbukiza sarafu na mashine ikazunguka. Akachanganya fedha zake na sarafu za wateja, kisha akaiambia serikali kuwa zote ni mapato ya kufua. Ndiyo maana, husemwa, Wamarekani wakaiita kazi hiyo "kufua fedha", nasi tukaita kutakatisha.

Kisa kinanoga. Kina jina kubwa, kina mji, kina povu. Hurudiwa kwenye semina na mitandaoni kana kwamba msimuliaji alikuwa amesimama mlangoni pa duka akizihesabu sarafu. Ila ukikishika vizuri, kinakuponyoka mkononi.

Tuzitazame tarehe kwanza. Capone alihukumiwa Oktoba 1931 kifungo cha miaka 11. Duka la kwanza la kujifulia mwenyewe linalotajwa katika historia ya Marekani lilifunguliwa Fort Worth, Texas, mwaka 1934, na mwaka huohuo Capone alihamishiwa gereza la Alcatraz, kisiwani kwenye ghuba ya San Francisco. Na msemo nao haukuwapo. Katika maandishi ya Kiingereza, neno la kufua nguo linaanza kuonekana kwa maana ya fedha chafu miaka ya 1960, likaja kusambaa mwaka 1973. Wakati huo Capone alikuwa kaburini kwa miaka 26.

Chembe moja ya ukweli ipo, na ni haki kuitaja. Mwaka 1928 mfanyabiashara mmoja wa Chicago, Morris Becker, aliyekuwa na maduka ya udobi, alichoshwa na chama kilichokuwa kikiwabana wenye biashara hiyo kwa vitisho na vurugu. Akamwingiza Capone kuwa mshirika wake, na usumbufu ukakoma. Kwa hiyo ni kweli Capone aliwahi kuwa na mkono katika udobi. Lakini alichokuwa akiuza pale ni ulinzi. Hakuwa akificha fedha. Nadhani ulimi wa watu uliteleza hapo: udobi upo, jambazi yupo, basi asili ya msemo ikapatikana.

Kinachokiangusha kisa hiki kabisa, hata hivyo, ni kesi yenyewe iliyomfunga. Mwaka 1927 Mahakama Kuu ya Marekani, katika shauri la muuza pombe ya magendo aitwaye Manly Sullivan, iliamua kuwa kipato cha haramu nacho hulipiwa kodi. Uamuzi huo ukawapa maofisa wa kodi njia ambayo polisi hawakuwa nayo. Hawakuhitaji kuthibitisha kwamba Capone aliua mtu au aliuza pombe. Walihitaji kuthibitisha kwamba alikuwa na kipato na hakukilipia kodi.

Mpelelezi wa kodi, Frank Wilson, alikuta mtu asiye na akaunti ya benki kwa jina lake na ambaye hakuwa amewasilisha hesabu za kodi. Kwenye makaratasi Capone alikuwa fukara. Macho yalisema mengine: alikuwa na nyumba ya kifahari kwenye kisiwa cha Palm huko Miami, akivaa suti za kushonewa na kugawa zawadi za vito. Wilson na wenzake wakakusanya ushahidi wa matumizi hayo, dukani na hotelini, na wakapata leja za jumba la kamari la Cicero, kitongoji cha Chicago, zilizoonyesha faida ilivyogawanywa. Baraza la mahakama likajionea mtu anayemwaga maelfu ya dola bila chanzo chochote kilichoandikwa.

Mtu huyo ndiye tunayeambiwa alikuwa bingwa wa kutakatisha fedha! Capone alifungwa kwa sababu fedha zake hazikuwa na dobi. Angekuwa na maduka ya kufulia yenye leja nzuri na risiti za kodi, Wilson angefanya kazi ngumu zaidi.

Nimekaa sana kwa Capone kwa sababu kushindwa kwake ndiko kunakoeleza maana ya msemo kuliko ushindi anaozuliwa. Fedha ya haramu haimtoshelezi mwenyewe kwa kuwapo tu. Tuseme mtu ana shilingi milioni 400 za biashara ya meno ya tembo, zimejazwa kwenye viroba na kufichwa darini. Anaweza kununulia nyama na mafuta ya gari. Kiwanja hawezi kukinunua bila mtu kuhoji, wala kuzipeleka benki kwa mkupuo, wala kumlipia mwanawe ada ya chuo Ulaya. Noti anazo, na thamani yake ni ileile ya noti za mwalimu au mkulima wa kahawa. Anachokosa ni maelezo. Mwalimu akiulizwa chanzo anasema mshahara. Mkulima anasema ushirika umelipa. Huyu hana la kusema, basi inambidi alitengeneze.

Anafungua duka la vifaa vya ujenzi. Wateja ni wachache kwa siku, lakini vitabu vinaonyesha saruji na mabati vikitoka mfululizo. Kila jioni anachukua sehemu ya fedha za darini, anaziingiza kwenye hesabu kama mauzo, na kesho yake keshia wake yuko benki. Mwisho wa mwaka analipa kodi, na analipa kwa moyo mkunjufu, kwa kuwa risiti ya kodi ndiyo cheti cha kuzaliwa cha fedha zake mpya.

Hapo ndipo wengi wanapochanganya mambo mawili yanayokwenda pande tofauti. Mkwepa kodi ana fedha za halali naye anazificha ili zisionekane. Mtakatishaji ana fedha zilizofichwa na anataka zionekane, ziandikwe, zipigwe mhuri. Wa kwanza anapunguza mauzo kitabuni, wa pili anayaongeza. Kwa hiyo duka lisilo na wateja ambalo halikosi kulipa kodi na halilalamiki kamwe linaweza kuwa na mengi ya kuulizwa kuliko lile linalogombana na mamlaka ya mapato kila mwaka.

Wataalamu huigawa kazi hii katika hatua tatu. Kwanza fedha taslimu huingizwa katika mfumo wa benki. Kisha huzungushwa ili alama za nyayo zipotee. Mwisho hurudi kwa mwenyewe zikiwa na sura ya faida, mkopo au mauzo ya nyumba. Kwa mhalifu, hatua ya kwanza ndiyo yenye hatari, maana noti ni mzigo na mzigo unaonekana. Sheria ya Marekani ya mwaka 1970 iliitaka benki itoe taarifa kila mtu anapoweka taslimu zaidi ya dola 10,000. Wahalifu wakajibu kwa kuajiri makundi ya watu wanaopita benki baada ya benki, kila mmoja akiweka kiasi kidogo chini ya hapo. Maofisa wa Florida wakawapachika watu hao jina la vile vijitu vya buluu vya katuni, Smurf, kwa wingi wao na kwa kufanana kwao. Siku hizi kugawanya fedha ili kukwepa kiwango ni kosa linalojitegemea.

Hatua ya pili ndiyo inayotia watu kizunguzungu. Franklin Jurado, mchumi wa Kolombia aliyekuwa akiwafanyia kazi wauza kokeini wa Cali, alizungusha mamilioni ya dola kupitia akaunti zaidi ya 100 Ulaya, akizihamisha nchi hadi nchi ili kila uhamisho uonekane wa kawaida kuliko uliotangulia. Alikamatwa Luxembourg mwaka 1990. Anayezungusha fedha hivyo anategemea uchovu wa mpelelezi: akaunti ya tatu itafuatwa, ya kumi huenda, ya themanini nani atakuwa na muda?

Sasa turudi kwenye neno. Kama Capone hakulileta, nani alilitoa vichochoroni likafika magazetini? Watergate.

Usiku wa kuamkia tarehe 17 Juni 1972, wanaume watano walikamatwa ndani ya ofisi za makao makuu ya chama cha Democrat, katika majengo ya Watergate, Washington. Walikutwa na vifaa vya kunasia sauti na noti za dola 100 zenye namba zinazofuatana. Noti zenye namba zinazofuatana zina usemi wao. Zinasema zilitoka benki pamoja, tena karibuni. Wapelelezi wakazifuata hadi akaunti ya mmoja wa wale watano, Bernard Barker, huko Miami. Ndani yake zilikuwa zimepita dola 114,000. Kati ya hizo, 25,000 zilikuwa hundi yenye jina la Kenneth Dahlberg, mkusanya michango wa kampeni ya Rais Nixon. Zile 89,000 zilizobaki zilikuja kwa hundi nne za wakili wa Mexico City, Manuel Ogarrio.

Kwa nini Mexico? Fedha hizo zilianzia Texas, na sheria ya Marekani ilikataza makampuni kuchangia kampeni. Zikavushwa mpaka, zikapita mikononi mwa wakili, zikarudi kama hundi zisizo na jina la mchangaji. Mtoaji hajulikani, mpokeaji hajulikani, na katikati pana mtu wa nchi nyingine ambaye mpelelezi wa Marekani hawezi kumwita kwa urahisi. Waandishi wakahitaji neno moja la kueleza safari hiyo kwa msomaji aliyeshika kikombe cha kahawa asubuhi, wakatumia la kufua.

Hata ndani ya White House lilikuwa likisemwa. Tarehe 21 Machi 1973 mwanasheria wa Rais, John Dean, alikuwa akimweleza Nixon ugumu wa kuwalipa waliokamatwa ili wanyamaze. Mitambo ya kurekodi ya Rais mwenyewe ilinasa maneno yake. Dean anasema watu wa pale si mahiri wa kazi kama hizo. Kuosha fedha, kupata fedha safi, hayo wanayaweza watu wa Mafia. Kanda hiyo nimeifikiria sana. Kwa sentensi moja inaonyesha neno lilikotoka na lilikokuwa linakwenda: ni lugha ya wahalifu, na sasa inazungumzwa mbele ya Rais. Kabla mwaka haujaisha lilikuwa la kila mtu.

Sheria ilichelewa. Mwaka 1982 neno lilitumika katika shauri la mahakama ya Florida kuhusu fedha zilizohusishwa na kokeini, shauri lenye jina la ajabu: Marekani dhidi ya dola 4,255,625.39. Mshitakiwa ni fedha yenyewe, mpaka senti ya mwisho. Lakini kutakatisha hakukuwa bado kosa kwa jina hilo. Kulifanywa kosa mwaka 1986. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Vienna wa 1988 ukazitaka nchi zifanye vivyo hivyo kwa fedha za dawa za kulevya, na mwaka 1989 nchi tajiri zilizokutana Paris zikaunda kikosi cha kimataifa cha kusimamia jambo hilo, kijulikanacho kwa herufi FATF. Ndani ya miaka 20, neno la vichochoroni likawa mkataba wa dunia.

Kiingereza kina msemo mwingine, wa kale zaidi, unaobishana na huu: kwamba fedha haina harufu. Wenyewe waliutoa kwa Warumi. Mtawala Vespasian, aliyetawala mwaka 69 hadi 79, alitoza kodi kwenye mkojo uliokusanywa katika vyoo vya umma. Mwanawe Titus akaona aibu. Baba akamsogezea sarafu puani akamuuliza kama inanuka. Na mkojo ule ulikuwa na wanunuzi, ambao mashuhuri zaidi kati yao walikuwa madobi, kwani kabla ya sabuni ya leo ndio uliokuwa ukitoa mafuta na uchafu kwenye nguo. Warumi walikuwa na fedha iliyotoka kwa madobi hasa, nao wakasema haina haja ya kuoshwa. Sisi tunaishi na wazo la upande wa pili, kwamba fedha hubeba asili yake, kama nguo inavyobeba doa.

Mahali ambapo fedha zimewahi kufuliwa kwa maji na sabuni kweli napajua pamoja tu: hoteli ya St. Francis, San Francisco. Tangu mwaka 1938 hoteli hiyo imekuwa ikiosha sarafu, kwa kuwa wanawake wa zama zile walivaa glovu nyeupe na chenji ilikuwa ikiziacha na madoa.

Kwetu, mambo haya yalikuja kwa mlango wa sheria. Mwaka 1999 nchi za mashariki na kusini mwa Afrika ziliunda jumuiya yao ya kupambana na fedha haramu katika mkutano wa Arusha, na sekretarieti yake ipo Dar es Salaam. Tanzania ilitunga sheria mwaka 2006, Kenya mwaka 2009. FATF nayo ina orodha ya nchi zinazofuatiliwa kwa karibu, ambayo watu huiita orodha ya kijivu. Uganda iliingizwa mwaka 2020 ikatoka 2024. Tanzania iliingia Oktoba 2022 ikatoka Juni 2025. Kenya iliingia Februari 2024. Ukiwa ndani ya orodha hiyo, benki za nje hukagua kila muamala wa nchi yako kwa darubini. Mfanyabiashara wa Kariakoo anayelipia mzigo wa China hukutana na maswali mengi kuliko jana yake, bila kuambiwa kwamba chanzo ni orodha iliyopitishwa mbali.

Msemo ulipofika ulihitaji jina, na hapo Kiswahili kiligawanyika. Tanzania husikia zaidi "kutakatisha" na "kutakasisha", maneno ambayo wengi waliyajua kupitia habari za mahakamani, yakiandamana na "uhujumu uchumi". Magazeti ya Kenya mara nyingi huandika "ulanguzi wa pesa", neno ambalo kwa msomaji wa Tanga au Unguja linaashiria mtu anayeficha sukari ili aiuze ghali. Waswahili wa Kongo wameshazoea neno la Kifaransa lenye maana ya kufanya jeupe.

Mimi nashika "kutakatisha", na sababu ni ya nguo. Kanzu hutakata, dobi akiianua juani unasema imetakata. Neno linabaki kwenye kamba ya nguo, pale pale Kiingereza kilipolichukua lake. "Kutakasa" ni habari nyingine. Hilo ni neno la ibada, la moyo na dhambi. Muislamu anafundishwa kuwa zaka huitakasa mali, na anayelisikia neno hilo tangu madrasa hawezi kulisikia mahakamani bila mshtuko. Tena wanavyuoni wamelieleza waziwazi: zaka huitakasa mali ya halali. Iliyoibwa haitakasiki kwa zaka. Hurudishwa kwa mwenyewe, na asipojulikana hutolewa kwa manufaa ya watu bila mtoaji kutarajia thawabu. Ukisoma sheria za leo za kutaifisha mali ya uhalifu, utaona zinatembea njia hiyohiyo.

Mfano ulio wazi kuliko yote niliyouona Afrika Mashariki ulitokea Kenya. Tarehe 1 Juni 2019, kwenye sherehe za Madaraka huko Narok, Gavana wa Benki Kuu Patrick Njoroge alitangaza kuwa noti za zamani za shilingi 1,000 zingekoma kuwa fedha halali ifikapo tarehe 30 Septemba. Sababu alizotoa ni noti bandia na mtiririko wa fedha haramu. Wenye noti walikuwa na miezi minne ya kuzipeleka benki, na aliyekuwa na kiasi kikubwa angeulizwa alizipataje. Hakuna aliyevunjiwa mlango. Ilitosha kumlazimisha kila mtu asimame mbele ya kaunta na maelezo yake.

Zilirudi zaidi ya noti milioni 209. Noti 7,386,000, yaani karibu shilingi bilioni 7.4, hazikurudi. Nyingine bila shaka zilikuwa za wazee waliozificha kwenye godoro na kuzisahau, nyingine ziliungua au kuliwa na mchwa. Na nyingine zilikuwa nzima kabisa, zimefungwa kwa mpira mafungu kwa mafungu. Asubuhi ya tarehe 1 Oktoba zilikuwa bado na picha ya Mzee Kenyatta na namba zake zote, zikimsubiri mwenyewe ambaye hakuwa amepata la kusema.